Nusu

Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa chaki nyeupe,
Jumatatu, gari la Kinangop liliposhusha madumu:
MTEJA MPYA, LITA HAMSINI.
Nikakiegemeza mlangoni, nikasimama kando kukitazama
kama mama anavyomtazama mtoto aliyetoka kunyolewa.

Hapa Kayole ukifungua duka la maziwa
mwezi hauishi kabla jirani hajafungua la pili.
Moraa, ng'ambo ya mtaro, ameleta mtungi unaong'aa
na taa ya buluu inayowaka hata mchana;
watu huenda kuitazama taa
wakarudi na maziwa.
Nikasema basi, mgeni njoo, mwenyeji nipone.

Wakaja. Siwezi kusema hawakuja.
Wanafunzi wa chuo wanaoishi juu ya kinyozi,
mama wa ghorofa ya nne, na ndoo badala ya chupa,
na kijana mmoja aliyeuliza mara mbili
kama kesho pia atakuwa mpya.
Hamsini. Mimi nanunua kwa arobaini na nane.
Zinabaki mbili, na hizo mbili
zinagombaniwa na stima, sabuni na askari wa kanjo.

Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo, akafika Nusu.
Ndivyo ninavyomwita. Nusu lita kila alfajiri
akitoka zamu ya usiku kwenye ghala la mabati,
rungu kwapani, koti linanuka moshi wa makaa.
Miaka tisa. Chupa ileile ya asali,
kizibo amekifunga kwa uzi kisipotee.
Mwaka ule barabara ilipogeuka mto
ni yeye aliyebeba madumu yangu begani kutoka kwenye lami,
akakataa hata chai.

Nusu hulipa thelathini na tano.
Nusu ya hamsini ni ishirini na tano.
Hesabu hiyo hata mlinzi aliyekesha anaiweza.

Alikisoma kibao. Alikisoma polepole,
kama barua ya mahakama.
Akatoa thelathini na tano,
akazipanga sarafu moja moja juu ya kaunta,
akasema asante Mama Tito,
akaenda.

Usiku ule sikulala. Si huruma, msinisingizie,
ni hesabu.
Shilingi kumi na moja za faida, kila siku ya Mungu,
mvua, uchaguzi, Krismasi:
ndizo zilizonunua friji,
ndizo zilizomrudisha Tito darasani muhula ule.
Na punguzo la hawa wapya, nani analilipa?
Si mimi. Mimi sina.

Jumatano akaja na kofia nyingine,
ya sufi, imeshuka hadi kwenye nyusi.
Akapanga foleni nyuma ya watoto
kama mtu asiyejua mlango unafunguka upande gani.
"Hujambo dada. Mimi ni mgeni mtaani.
Naitwa Ezra Mukhwana.
Nimesikia hapa wageni wana bei yao."

Uso mkavu. Hata jino halikuonekana.
Wale wa foleni wakanitazama.
Mimi nikamtazama Ezra Mukhwana.
Miaka tisa,
na ndio kwanza tunajulishana.

Nikasema karibu, ishirini na tano.
Mkono ulitetemeka, maziwa yakapita alama,
wala sikuyarudisha.

Kibao nimekigeuza. Upande wa nyuma hauna neno,
na sijui bado niandike nini.
Nikiwashushia wa zamani wote, friji itazima;
nisiposhusha, taa ya Moraa
naiona hata nikifumba macho.
Ila daftarini, pale palipoandikwa Nusu,
nimepiga mstari
nikaandika majina yote mawili, kwa wino.

Leo Ijumaa. Amevaa kofia yake ya kila siku,
rungu kwapani, chupa ya asali mkononi.
"Naitwa Kizito," amesema.
"Nimehamia jana."